Karakana ya Kelly na Mizani Isiyosawazika

Ndege ya mizigo iitwayo C-5 Galaxy, ambayo kampuni ya Lockheed iliiundia Jeshi la Anga la Marekani na ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1968, ina urefu unaopita mita 75, na mabawa yake kutoka ncha hata ncha yanakaribia mita 68, na chini ya tumbo lake yamepangwa magurudumu 28, na pua yake hufunguka kwa kwenda juu, vifaru vikapakiwa kwa mbele na kushushwa kwa nyuma. Mtu aionapo angani hudhani kuwa kitu kikubwa namna hii hakina haja tena ya mkono wa binadamu. Walakini kila baada ya miaka kadhaa jitu hili huingizwa bandani, likavuliwa rangi yote hata bati likabaki tupu, likafunguliwa vifuniko vya mabawa na vya mkia, na mafundi wakaingia kwa kutambaa ndani ya tangi zake za mafuta, taa mkononi, wakitafuta kitu chembamba kuliko unywele.

Kitu hicho ni ufa. Fundi hupaka juu ya chuma maji mekundu mepesi, akayaacha yapenye, akayafuta pasibaki alama, kisha akapulizia unga mweupe. Na palipo na ufa, wekundu hurudi juu ya weupe polepole, mstari mdogo kama mkwaruzo wa mwiba. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana yampasa apime kama ufa ule waweza kukwanguliwa na kulainishwa, au kipande kizima sharti kitolewe, na kama ufa mmoja hapa ni dalili ya mwingine upande wa pili wa bawa, mahali ambapo ratiba ya kazi haikumtuma kutazama. Kitabu cha maagizo humsaidia, tena humlazimisha, lakini kitabu hakimwambii kila kitu. Mengine huyapata katika vidole vyake mwenyewe, vilivyokwisha kugusa ndege nyingi kabla ya ile.

Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Utotoni niliwahi kukaa kitako mchangani nikimtazama fundi wa kalafati akilizunguka jahazi lililopwelewa, akigonga ubao na kusikiliza, akigonga tena na kusikiliza, na mahali sauti ilipobadilika akichokoa pamba iliyooza na kushindilia mpya iliyochovywa mafuta. Nahodha hakumwuliza kwa nini amegonga hapa asigonge pale. Alimlipa ujira wake, akatweka tanga, akatoka na mabaharia wake wote juu ya amana ya neno la mtu yule.

Nimeyatanguliza haya kwa kuwa katika miaka ya tisini ya karne iliyopita, taifa lenye jeshi la anga kubwa kuliko yote duniani liliitia kazi hii katika mnada. Liliziweka karakana za serikali upande mmoja na makampuni ya biashara upande wa pili, likawaambia wote walete bei zao, na atakayekuwa nafuu achukue ndege. Kisa hiki nimekifuatilia kwa muda mrefu, na kadiri nilivyokifuatilia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kina mafunzo kwa kila serikali yenye ndege, meli au gari moshi la kutengeneza, nayo hayapatikani kwa kuuliza tu nani alishinda.

Karakana ya Kelly, nje kidogo ya kitovu cha mji wa San Antonio katika jimbo la Texas, ilikuwa sehemu ya uwanja wa jeshi ulioanzishwa mwaka 1917. Vizazi vya wafanyakazi vilipita humo, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Meksiko, watu ambao mlango wa Kelly uliwafungulia kile ambacho mitaa yao iliwanyima: mshahara wa kudumu, nyumba ya kununua, mtoto wa kupeleka chuoni. Baba alimwingiza mwana, na mwana akamwingiza mdogo wake. Hapo ndipo C-5 zilipokuwa zikivuliwa rangi na kupekuliwa, na hapo ndipo injini za ndege za aina nyingi zilipokuwa zikifumuliwa na kusukwa upya. Jeshi la Anga lilikuwa na karakana kuu tano za namna hii: Kelly, McClellan karibu na Sacramento, California, Tinker katika Oklahoma City, Robins katika Georgia, na Hill katika Utah. Vita Baridi vilipokwisha na ndege kupunguzwa, zote tano zilikuwa na mabanda mengi kuliko kazi. Mwaka 1995 tume iliyokabidhiwa kuchagua vituo vya kufungwa ilitamka kwamba Kelly na McClellan zifungwe, na kazi zake zihamishiwe katika karakana zilizobaki au katika makampuni.

Hapa siasa ikaingia, nayo haikupiga hodi. Rais Bill Clinton, aliyekuwa akielekea katika uchaguzi wa 1996, aliikubali orodha ya tume mwezi wa Julai 1995, lakini akaahidi kwamba kazi za Kelly na McClellan hazitahamishwa kwenda mbali: zitakabidhiwa makampuni palepale zilipo, katika mabanda yaleyale, aghalabu kwa mikono ileile, ila bendera ya mwajiri ndiyo itakayobadilika. California ilikuwa na kura 54 za wajumbe wa kumchagua rais, na Texas ilikuwa na 32. Sisemi kwamba Rais hakuwahurumia wafanyakazi. Nasema kwamba huruma yake ilikwenda sambamba na hesabu hiyo, na watu wa Utah, Georgia na Oklahoma, ambao karakana zao zilisalimika katika orodha lakini zilikuwa nusu tupu, waliisoma hesabu hiyo vizuri sana. Wao walitaka kazi ije kwao ijaze mabanda yao, na hoja yao haikuwa ya choyo peke yake: banda tupu nalo lina gharama, na gharama hiyo hugawanywa juu ya kila ndege inayoingia katika banda lililo karibu.

Wabunge wa majimbo hayo matatu walisimama imara katika Kongresi, na mkononi walikuwa na sheria. Tangu zamani palikuwa na sharti kwamba karakana za serikali zidumishe kazi ya msingi, yaani kiasi cha ujuzi na vifaa ambacho jeshi haliwezi kuingia vitani bila kuwa nacho mikononi mwake. Palikuwa pia na mpaka wa fedha: katika mwaka mmoja, makampuni yasipewe zaidi ya asilimia 40 ya fungu la matengenezo makubwa. Katika sheria ya ulinzi iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 1997 mpaka huo ukasogezwa ukawa nusu kwa nusu. Tena kazi ya karakana iliyofikia thamani ya dola milioni 3 haikuruhusiwa kutoka mikononi mwa serikali ikaenda kwa kampuni bila kwanza kushindaniwa na pande zote mbili. Hivyo ahadi ya Rais ikakutana na sheria mlangoni, na suluhu iliyopatikana ikawa mashindano.

Na mashindano haya hayakuwa mapya. Yalikwisha kujaribiwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwezi wa Mei 1994 Wizara ya Ulinzi yenyewe iliyasimamisha, ikikiri kwamba hesabu zake hazikutosha kulinganisha kwa insafu gharama za karakana na bei za kampuni. Kukiri huko ndiko kiini cha jambo lote, na nashangaa jinsi lilivyosahauliwa upesi.

Tuyatazame madaftari ya pande mbili hizi. Kampuni inapoandika bei yake, humo mna ujira wa mafundi, kodi ya serikali, bima, riba ya mkopo uliojenga banda, na faida ya wenye hisa. Bila faida haingefika mnadani. Karakana ya serikali haina mwenye hisa, hailipi kodi, na ardhi iliyokalia ilikwisha kulipiwa na babu zao. Sehemu ya kiinua mgongo cha watu wake huenda ikahesabiwa katika fungu jingine kabisa. Ikikosea hesabu na kupata hasara, haifilisiki. Hasara hupakiwa katika bei itakayotozwa vikosi vya jeshi mwaka ujao. Kampuni husema, na ina haki kusema, kwamba hakuna awezaye kushindana na mtu asiyeweza kufilisika. Lakini kampuni nayo ina mafichoni pake. Yaweza kuteremsha bei hata chini ya gharama, ikijua kwamba ikiisha kuwa mwenye banda, mwenye vifaa na mwenye mafundi peke yake, mkataba wa pili hautakuwa na mshindani; yaweza pia kupeleka sehemu ya gharama zake za kudumu katika mikataba mingine ambayo serikali hiyohiyo ndiyo mlipaji. Wizara ya Ulinzi ilijitahidi kurekebisha tafauti hizi kwa kuongeza hapa na kupunguza pale. Na kila marekebisho yalizaa manung'uniko mapya, maana aliyeongezewa ratili hakuridhika na aliyepunguziwa hakushukuru.

Basi mwezi wa Septemba 1997 matokeo ya kazi ya C-5 yalitangazwa, na mshindi akawa karakana ya Robins huko Georgia. Kelly ikapoteza ndege zake kubwa. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya kazi za McClellan. Jeshi la Anga lilikusanya katika fungu moja kazi za namna mbalimbali, miongoni mwazo matengenezo ya KC-135, zile ndege zinazobeba mafuta na kuwalisha wenziwe angani, ambazo ya mwisho iliundwa mwaka 1965 na bado zinaruka. Kampuni ya Pemco ya Birmingham, Alabama, iliyokuwa na uzoefu wa miaka mingi wa KC-135, ililalamika kwamba fungu limefumbatwa kwa ukubwa ambao unawafungia nje watu wenye ustadi wa kazi moja. Ofisi ya hesabu ya Kongresi iliona kwamba wana hoja. Hata hivyo mwezi wa Oktoba 1998 kazi ilikabidhiwa karakana ya Hill huko Ogden, Utah, ikiwa na Boeing kama mwenziwe. Kisha mwanzoni mwa 1999 kazi ya injini za Kelly ikachukuliwa na karakana ya Oklahoma City, iliyoungana na Lockheed Martin, na sehemu ya kazi hiyo ikaendelea kufanywa San Antonio.

Watu waliojipanga kutazama bondia wawili wakipigana wakawaona wakitoka ulingoni wamefunga ndoa. Wapo wanaosema kwamba mashindano yalishindwa. Mimi naona kinyume chake: ndoa hizo zilisema kweli ambayo mnada ulikuwa ukiificha. Katika kazi ya kutunza ndege ya vita, serikali ina kitu ambacho kampuni haina, na kampuni ina kitu ambacho serikali haina, na kuzipima mbili hizi kwa ratili moja ya bei ni kama kumpima baharia kwa uzito wa mwili wake.

Nisiwe mdhalimu kwa makampuni. Karakana za serikali zilikuwa na uvivu wake, na ndege ilikaa bandani siku nyingi kupita kiasi kwa sababu kipuri hakikuagizwa mapema, au kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeumia ilipochelewa. Mtu anayejua kwamba mwingine anaitamani kazi yake hufagia meza yake. Ili kuandika bei ya ushindani, karakana zililazimika kwa mara ya kwanza kujiuliza fundi mmoja hutembea hatua ngapi kufuata bisibisi, na kwa nini bawa moja lingoje saa nyingi muhuri wa mkaguzi. Kheri hiyo siikatai, na wala sitaki karakana yoyote irejee katika usingizi wa amri na mishahara isiyoulizwa.

Lakini kuna jambo ambalo bei hailigusi kabisa, nalo ni vita vyenyewe. Wakati wa vita vya Ghuba, mwaka 1990 na 1991, C-5 zilikwenda na kurudi bila kupumzika, na ndege iliyokuwa bandani iliitwa nje kabla ya siku yake. Karakana ya serikali huambiwa wafanye zamu tatu, nao hufanya zamu tatu. Hesabu huja baadaye. Kampuni nayo inaweza kufanya, na mara nyingi imefanya kwa uaminifu, lakini kwanza sharti mkataba urekebishwe, na mkataba hurekebishwa na mwanasheria, na mwanasheria hana zamu ya usiku. Sharti la kazi ya msingi, ambalo wengine hulicheka kama ukuta wa kuwalinda watumishi wa serikali, mimi naliona kama akiba ya maji ya nahodha: haina faida yoyote siku ambayo mvua inanyesha.

Na kuna mali nyingine isiyoandikwa katika daftari, nayo ni mtu. Kazi ya C-5 ilipohama San Antonio kwenda Georgia, kilichohama ni ndege, vifaa na makaratasi. Wengi wa waliojua mahali chuma kinapochoka hawakuhama. Walikuwa na nyumba, wazee, makaburi ya jamaa zao, na kilomita zaidi ya elfu moja kati ya mji huo na ule. Robins ilipaswa kuajiri na kufundisha upya. Uliza mahali popote ambapo fundi mkongwe ameondoka, iwe karakana ya reli au kiwanda cha umeme: mrithi wake hupewa michoro yote na funguo zote, na bado inamchukua miaka kusikia kile mzee alichokuwa akikisikia. Hata bei ya Kelly yenyewe haikuwa kamili, maana ardhini chini yake yalibaki madawa ya kusafishia mafuta ya mashine, yaliyokuwa yakimwagwa kwa miaka mingi hata yakaingia katika maji yaliyo chini ya nyumba za majirani, na watu wa mitaa ile wakaishi na hofu ya maradhi baada ya lango kufungwa mwezi wa Julai 2001. Zabuni gani ilikuwa na mstari wa kuandikia jambo hilo?

Haya yangebaki kuwa historia ya wenyewe lau si ndege ya leo, F-35, ambayo kwayo suali limepinduka. Miaka ya tisini mabishano yalikuwa juu ya nani ataruhusiwa kushindana. Leo tabu iko nyuma zaidi: wakati ndege inanunuliwa, michoro na maelezo ya kiufundi yalibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa waundaji wake, Lockheed Martin kwa ndege na Pratt & Whitney kwa injini, na karakana ya serikali haiwezi kutengeneza kitu ambacho haina haki ya kusoma jinsi kilivyoundwa; wala kampuni ya tatu haiwezi kuleta bei. Mwaka 2023 ofisi ya hesabu ya Kongresi iliripoti kwamba ndege hizo zilikuwa tayari kwa kazi takriban asilimia 55 tu ya muda, na kwamba zaidi ya vipande 10,000 vilikuwa vinangoja kutengenezwa, kwa sababu uwezo wa karakana ulichelewa kujengwa kwa miaka. Mnada hauwezi kuwako pale ambapo mtu mmoja ndiye mwenye ufunguo. Kwa hiyo rai yangu, naisema bila kuificha, ni kwamba serikali inayotaka mashindano ya haki katika matengenezo ianze kuyataka siku inapotia saini ya kununua, ikalipie michoro kama inavyolipia mabawa. Kisha ijue gharama ya karakana yake yenyewe kwa yakini kabla ya kumwalika mtu ashindane nayo. Na kiasi cha mafundi kinachotosha kupitisha taifa katika vita kiwekwe kando, kisipigiwe mnada. Yaliyobaki, na yatabaki mengi, yagombaniwe kwa bidii zote.

Naambiwa kwamba hii ni anasa ya mataifa makubwa. Sioni hivyo. Taifa lenye ndege tisa likikosa haki ya kufungua injini ya moja, limepoteza sehemu ya tisa ya jeshi lake la anga mpaka mgeni apate nafasi ya kuja.

Mabanda ya Kelly hayakubomolewa. Eneo lile leo ni bandari ya viwanda na biashara ya mji wa San Antonio, na Boeing imekuwa ikifanya kazi humo tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Humo ndimo zilimoingizwa ndege mbili za 747-8 zigeuzwe kuwa ndege za kumchukua Rais wa Marekani, kwa mkataba wa mwaka 2018 wenye bei isiyobadilika ya dola bilioni 3.9. Kampuni imekwisha kupata katika kazi hiyo hasara inayopita dola bilioni 2, na hasara hiyo imeiangukia yenyewe kama mkataba ulivyotaka. Lakini ndege zilizokusudiwa kukabidhiwa mwaka 2024 zilikuwa bado bandani mwaka huo ulipokwisha. Nje ya banda kuna njia ileile ya kurukia. Kikosi cha akiba cha Jeshi la Anga kilichopo San Antonio bado kinarusha C-5 kutoka hapo, na ufikapo wakati wa moja kuvuliwa rangi na kutafutwa nyufa, hupaa mbele ya mabanda ambamo C-5 zilikuwa zikitengenezwa, ikageuza pua mashariki, ikaenda Georgia.